Jalada la Mzee wa Nansio

Mzee alikaa kwenye benchi la korido tangu saa tatu asubuhi, bahasha ya kaki mapajani, kofia juu ya bahasha. Alikuja na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na meli ya kurudi ilikuwa ya mchana. Alitaka karatasi moja tu: nakala ya barua yake ya kwanza ya ajira. Watu wa mafao walishamwambia kwamba bila barua hiyo, hesabu ya miaka yake ya kazi inaanzia katikati.

Kijana wetu alishaliingiza jina lake kwenye kompyuta mara tatu. Mara ya nne akaliandika taratibu, herufi moja moja, mzee akimtajia. Hakuna kumbukumbu.

Nilikuwa napita kuelekea kwa bosi. Ndipo Mama Masijala akatoka ndani, kitambaa cha vumbi begani. Ofisi nzima tunamwita hivyo, Mama Masijala, kwa chumba cha majalada anachokitunza. Akainama kidogo.

"Shikamoo baba. Hilo jina uliliandika mwenyewe siku ile, au uliandikiwa?"

"Marahaba. Niliandikiwa."

"Mwaka gani?"

"Themanini na tatu."

Akarudi ndani. Dakika kumi baadaye, labda chini ya hapo, alitoka na jalada la rangi ya udongo, kona moja imeliwa na mende. Jina la mzee lilikuwa palepale juu, kwa wino uliofifia. Penye L pamewekwa R.

Mzee alilipokea kwa mikono miwili. "Wabeja sana, mama," akasema. "Wabeja sana."

Nilipomkuta Mama peke yake nikamuuliza, "Mama, umejuaje?"

Alinitazama muda mrefu kidogo.

"Miaka kumi na tisa nipo humu ndani, mwanangu. Leo ndiyo umeniuliza."

Akaendelea kupanga majalada. Mimi nikaenda kwa bosi, na sikumbuki tulizungumza nini huko.

Ni wiki ya tisa sasa.

Orodha niliyoiandika kwa mkono wangu

Kazi yangu ni utawala. Ikija barua ya mafunzo, mimi ndiye ninayependekeza majina, bosi anasaini. Mwaka jana ilikuja ya mfumo wa kielektroniki wa kutunza kumbukumbu: siku tatu, ukumbi wa hoteli kule Capri Point, hapahapa Mwanza, posho, chai ya saa nne na vitafunwa vyake, cheti mwishoni. Nafasi zilikuwa tatu.

Niliwaandika vijana wawili kwa sababu "wanajua kompyuta." Nafasi ya tatu nikampa katibu wa bosi, kwa sababu ilikuwa zamu yake kutoka. Mama Masijala sikumwandika. Kwenye daftari langu, pembeni ya jina lake, niliweka maneno matatu: *amebakiza miaka mitatu*.

Yaani mtu aliyekuwa akiyashika yale majalada kila siku, niliona mafunzo ya majalada hayamhusu kwa kuwa anakaribia sitini.

Nimeyasoma maneno yale matatu mara nyingi tangu siku ya mzee. Sikuyaandika kwa ubaya. Nilidhani ni busara. Na nadhani maafisa wengi wa utawala wanaosoma hapa wana daftari lenye maneno yanayofanana na hayo.

Tatizo ni kwamba kwetu semina imekuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kufundisha. Ya pili, ambayo kila mtu ofisini anaijua, ni kumpa mtu zawadi: atoke kidogo, apate posho, apige picha. Kazi hizi mbili zinagombania viti vilevile. Tunampeleka anayestahili kupumzika, si anayehitaji kujua. Anayebaki anaelewa vizuri kabisa kwamba hakuhesabiwa, hata kama hakuna aliyemwambia.

Vijana wale walirudi na moto. Programu yenyewe ilikaa zaidi ya miezi miwili bila kufungwa kwenye kompyuta ya masijala. Ilipofungwa, nywila ilikuwa kwa mmoja wao, naye alikuwa likizo. Walichojifunza kikawatoka, kama wimbo ulioimbwa mara moja. Timothy Baldwin na Kevin Ford waliliandika jambo hili mwaka 1988: mafunzo kufika kazini kunategemea mtu mwenyewe, mafunzo yenyewe, na mazingira anayoyarudia. Sisi tulilipia lile la katikati tu.

Alichokuwa nacho kichwani

Siku ya pili nilishuka tena masijala, nikavuta kiti. Nilimwomba anieleze kuhusu ile R.

Akasema yule marehemu aliyempokea kazini, karani wa zamani, alimwambia kwamba miaka ya themanini kulikuwa na mwandishi aliyekuwa akiandika majina kama anavyoyasikia. Kwetu huku ziwani, L na R hubadilishana midomoni mwa watu kutegemea mtu katoka kisiwa gani, kijiji gani, kabila gani. Mzee anatamka hivi, karani anasikia vile, na kinachoingia kwenye jalada ndicho kinachokuwa jina la serikali kwa miaka arobaini. Kompyuta hutafuta herufi uliyoipa. Haimuulizi mtu alikotoka.

Kisha akanionyesha rafu ya Kulwa na Doto.

Usukumani mapacha huitwa Kulwa na Doto, na wapo walioajiriwa pamoja, jina la baba moja, jina la babu moja, mwaka mmoja. Barua ya Kulwa ya kuthibitishwa kazini inaingia kwa Doto. Barua ya Doto ya uhamisho inaingia kwa Kulwa. Hakuna anayejua mpaka mmoja wao anapostaafu. Mama Masijala ameyafunga majalada ya namna hiyo pamoja kwa uzi, na juu ya kila jozi ameweka kikaratasi: *soma folio zote kabla ya kuondoka nalo*. Folio ni zile karatasi zenye namba ndani ya jalada.

Ana daftari la mistari la wanawake waliobadilisha majina baada ya kuolewa. Ana la pili la watumishi ambao majalada yao yalikwenda mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, na yapi yalirudi, na yapi yalirudi nusu.

Halafu kuna majalada ya muda. Anayefanya kazi za ofisi atajua ninachosema, lakini wacha nilieleze, maana hapa ndipo tija yetu ilipokuwa ikivuja kila siku. Mkubwa anataka jalada, halionekani, barua ina haraka. Masijala inafungua la muda. Dokezo linaandikwa humo, barua inatoka, kazi imeisha. Jalada lenyewe likipatikana, yale mawili yanatakiwa kuunganishwa na namba za folio kupangwa upya. Kwetu yalikuwa hayaunganishwi. Mtu mmoja anakuwa na historia mbili. Barua ya kupandishwa daraja ipo humu, ya kuthibitishwa ipo kule, na afisa anayeshughulikia madai yake anaandika, kwa nia njema kabisa, kwamba nyaraka hazijakamilika.

"Hizi," akaniambia, akishika fungu la majalada ya muda lililofungwa kwa kamba ya katani, "ni safari za watu. Kila moja hapa kuna mtu kapanda meli."

Nilikaa pale mpaka watu wakaanza kuondoka. Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyonifundisha kwa kiasi kile.

Cheti kwenye droo

Nilijaribu kurekebisha haraka. Nikamwambia, mama, Mei Mosi ijayo nitakupendekeza uwe mfanyakazi hodari.

Hakujibu. Alifungua droo ya chini, akatoa fremu ya kioo iliyofungwa gazeti. Kilikuwa cheti cha miaka kadhaa iliyopita. Alishakuwa hodari. Nilikuwa nimesahau, na nilikuwepo siku ile.

Jina lake lilikuwa limekosewa. Ukoo wake ulipungukiwa herufi.

"Nilirudisha wanitengenezee," akasema. "Wakasema watanipigia."

Kwa nini hukukitundika, nikauliza, ingawa jibu lilikuwa mbele yangu.

"Nikitundike mtu mwingine?"

Mwanamke anayewarudishia watu majina yao kutoka kwenye vumbi, sisi tulimpa zawadi isiyo na jina lake. Na nilijua pia jambo lingine, ambalo yeye hakulisema: kwetu uhodari huenda kwa zamu ya idara. Mwaka huu uhasibu, mwaka kesho stoo, kisha ninyi. Watu hupiga makofi vizuri, lakini hakuna anayerudi kazini Mei 2 akiwa na hamu zaidi ya kufanya kazi. Kila mmoja anajua zamu yake haipandi wala haishuki kwa anachokifanya.

Kwenye mfumo wa kupima utendaji ni vilevile. OPRAS, fomu za kuwapima watumishi wa umma, ilipoanza mwaka 2004 ilikuja na ahadi kwamba kila mtu atapimwa kwa malengo yake, na sasa tunajaza mrithi wake, PEPMIS, kwenye mtandao. Nilifungua majukumu ya masijala niliyoyaidhinisha mwenyewe. *Kupokea barua. Kusajili barua. Kusambaza barua.* Kumpata mzee wa mwaka 1983 kupitia herufi iliyokosewa hakukuwa na mahali pa kuandikwa.

Asante hailipi ada

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, na sitaki kupaharakisha.

Ukianza kuzungumzia motisha zisizo za fedha mbele ya watumishi wa kada za chini, uso wa mtu hubadilika. Wameshaona ofisi ikitumia neno "kuthamini" pale ambapo ilipaswa kulipa. Saa za ziada zinageuka kuwa "moyo wa kujituma." Mama Masijala mwenyewe aliniambia bila kupepesa: "Malimbikizo yangu ya daraja unayajua, mwanangu. Kwanza yale. Mengine tutaongea."

Alikuwa sahihi, na nililazimika kuanza na yale. Nimefuatilia madai yake, nimeandika, nimepiga simu. Hadi ninapoandika hapa hayajalipwa. Sitaandika makala hii nikijifanya kwamba neno zuri limeziba pengo hilo.

Kila aliyesoma utawala amemwandika Frederick Herzberg kwenye mtihani: utafiti wa mwaka 1959, wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani, na hoja yake kwamba mshahara na mazingira ya kazi yakiwa mabaya humchukiza mtu, lakini yakiwa mazuri hayatoshi kumpa hamu, hamu hutoka kwenye kazi yenyewe, mafanikio, kutambuliwa, kuaminiwa jukumu. Nilipokuwa chuoni niliikariri. Sasa naisoma upya kwa macho ya masijala, na naona kwamba mambo yale mawili hayabadilishani nafasi. Kumtambua mtu usiyemlipa kunamuumiza. Kumlipa mtu usiyemuona kunamwacha palepale alipokuwa.

Kilichonisogeza zaidi ni mambo ya hapa jirani, Zambia. Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Scott Lee walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya wahudumu wa afya ya jamii waliokuwa mafunzoni. Waliichanganua tuzo katika vipande vyake: mwajiri kukutambua, watu kukuona, na kulinganishwa na wenzako. Kutambuliwa na kuonekana viliinua matokeo yao ya masomo. Kulinganishwa kuliyashusha, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa wa chini. Mwaka huohuo Ashraf na Bandiera, safari hii na Kelsey Jack, walieleza kuhusu wasusi na vinyozi wa Lusaka waliopewa kazi ya kuuza kondomu za kike. Baadhi yao walilipwa kwa kila mauzo. Wengine walipewa nyota tu, zikibandikwa kwenye chati saluni ambapo kila mteja anaziona. Wenye nyota waliuza takribani mara mbili ya wenzao.

Nilisimama hapo kwenye neno *kulinganishwa*. Sherehe zetu zote za kuthamini watumishi ni kulinganisha. Tunamsimamisha mmoja, wengine tunawaketisha.

Jumanne, saa nane mchana

Nilimuuliza Mama angetaka nini, ukiacha fedha ambazo ni haki yake. Nilidhani atasema semina.

Alitaka vitu viwili. Meza yake itolewe nyuma ya rafu iwekwe dirishani, awaone watu wanaokuja. Na asiwepo mtu wa kutoka na jalada bila kusaini kitabu chake.

"Hata bosi?"

"Hasa bosi."

Meza ilihamishwa siku ileile. Tuliibeba mimi na yule kijana wa kompyuta. La pili nililiogopa. Nilimweleza bosi kwa mzunguko, nikataja mzee wa Nansio, nikataja meli. Alinyamaza. Jumatatu iliyofuata alishuka mwenyewe kuchukua jalada, jambo ambalo halifanyi, na Mama akamsogezea kitabu. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi. Bosi akasaini, akaandika na saa.

Nilikuwa mlangoni. Nilimwona Mama akikiangalia kile kitabu baada ya bosi kutoka, akaweka kiganja juu ya ukurasa, kama mtu anayekausha wino. Ilikuwa kalamu ya kawaida tu. Hapakuwa na wino wa kukausha.

Kuanzia hapo kila Jumanne saa nane mchana, kwa saa moja, Mama Masijala anafundisha. Hakuna posho, hakuna bango ukutani. Wiki ya kwanza walikuja wale vijana wawili na katibu. Alianza na Kulwa na Doto. Kijana wa kompyuta akasema inawezekana kuuagiza mfumo utafute L na R kwa pamoja. Mama akamwambia aongeze na majina ya ndoa. Sasa madaftari yake mawili yanaingizwa, ukurasa kwa ukurasa, yeye akisoma na kijana akichapa. Yeye anajifunza kompyuta kwa njia hiyo, bila mtu kumwambia kwamba anafundishwa.

Hilo ndilo lililonishinda kulitenganisha. Nilikuwa nimeweka mafunzo kwenye faili moja na motisha kwenye faili lingine. Nilipomuuliza "umejuaje," swali moja lilifanya kazi zote mbili. Aliyeulizwa aliheshimiwa. Aliyeuliza alifundishwa.

Nimewahi kuliona jambo hili kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, bila kulielewa. Msichana aliyekuja mjini kumsaidia shangazi yake dagaa hafundishwi kwa maneno mengi. Anachagua na kupepeta pembeni ya shangazi miezi kadhaa. Halafu siku moja shangazi anamwachia turubai zima, bei aseme yeye. Siku hiyo hakuna cheti, lakini soko lote linajua.

Mashaka yangu

Je, tija imepanda? Nataka kusema ndiyo, na inanibidi niwe mwangalifu. Sikupima chochote kabla. Kitabu cha majalada ya muda, ambacho zamani kilijaa ukurasa baada ya ukurasa, sasa hukaa wiki nzima bila mstari mpya. Watu wa kwenye benchi wamepungua. Lile fungu la kamba ya katani limebaki nusu.

Lakini nipo masijala karibu kila siku siku hizi, na mtu akitazamwa hufanya tofauti. Kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago kilijulikana kwa hilo kati ya 1924 na 1932: watafiti walibadilisha taa na muda wa mapumziko, ikasemekana uzalishaji ulipanda kwa sababu wafanyakazi walijua wanaangaliwa. Waliozichambua takwimu zile baadaye walizitilia shaka. Basi hata maelezo hayo siwezi kuyashika kwa nguvu. Nitajua nitakapoacha kushuka.

Shaka ya pili ni nzito zaidi. Kufundisha ni kazi, na nimemuongezea kazi mtu ambaye malimbikizo yake hayajalipwa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Nikistaafu na haya kichwani, watu wangu wa meli watabaki na nani?" Ni jibu la upendo, na ofisi isiyo makini inaweza kuishi kwa upendo wa watu wake mpaka uishe. Nimeandika saa zile za Jumanne kwenye majukumu yake rasmi, zihesabiwe, na jukumu lenyewe nimeliita kwa jina lake: kufundisha.

Nafasi tano

Wiki iliyopita imekuja barua nyingine. Mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, siku nne, nafasi tano. Nililiacha daftari langu mezani, nikashuka na barua mkononi.

"Mama, wewe wa kwanza. Hawa wanne wengine tuwaandike nani?"

Aliisoma yote, miwani ikimshuka puani. Nilitarajia ataje vijana.

"Mwandike yule mhudumu."

Mhudumu wetu ndiye anayebeba majalada kutoka meza hii kwenda ile, ghorofa ya chini kwenda ya juu. Ndiye anayechemsha chai. Kwa kadiri ninavyokumbuka, hajawahi kuwa kwenye orodha yoyote ya mafunzo niliyoiandika, wala iliyoandikwa na aliyenitangulia.

"Majalada hayapotelei humu," akasema. "Yanapotelea njiani. Yeye ndiye njia. Na hakuna aliyemwonyesha hata namba ya folio inakaa wapi."

Nimemwandika. Kabla ya kuandika nilimuuliza jina lake kamili, akalitaja, nikamwomba anitajie herufi moja moja. Orodha iko juu ya meza ya bosi tangu Ijumaa. Bado haijasainiwa.